Seva ya maktaba inayogoma kila umeme ukikatika: shajara ya mradi

Hali ilivyo

Mashine ni kompyuta ya mezani iliyostaafishwa ofisini: Core i5 ya kizazi cha 3, RAM ya GB 8, mfumo ni Debian 12, aina ya Linux. Ina diski mbili. SSD ya GB 120 imebeba mfumo, na diski kuu ya TB 1 imebeba maktaba, yaani mafaili ya ZIM (tovuti nzima iliyofungwa ndani ya faili ili isomwe bila intaneti) ya Wikipedia ya Kiswahili na ya Kiingereza, vitabu vya sayansi na masomo ya video. Kiwix, programu ya kusomea mafaili hayo, ndiyo inayoyasambaza kwa kompyuta za wanafunzi kupitia swichi ya maabara. Kadi ya mtandao ni mbili pia: ile iliyojengwa kwenye ubao mama inaelekea kwenye ruta ya 4G, na ile ya kuchomeka inaelekea darasani.

Mahali ni shule ya sekondari Muheza, mkoani Tanga. Ruta ya 4G huwekewa kifurushi pale hela inapopatikana, kwa hiyo siku nyingi kilicho ndani ya diski ndiyo maktaba yote waliyo nayo watoto. Seva isipowaka asubuhi, kidato cha nne wanapoteza kipindi ambacho hakuna wa kukifidia.

Lengo langu si kuifanya iwake leo tu. Umeme ukikatika usiku wa manane na kurudi alfajiri, seva inatakiwa isimame yenyewe, igawe anwani na kufungua maktaba kabla mwenye funguo hajafika getini.

Jumatatu

Kabla ya kugusa chochote nilimpigia mwalimu wa maabara, nikaandika dalili kwa maneno yake mwenyewe.

"Fundi, umeme ukikatika usiku, asubuhi naikuta imezima. Nikiibonyeza inawaka, inaandika maandishi meupe halafu inaganda hapo hapo. Kijana mmoja wa kidato cha tano alinionyesha nibonyeze F12 nichague ile diski ndogo, basi inapita. Lakini hata ikipita, kompyuta za watoto hazioni maktaba."

"Na ukiizima mwenyewe jioni, mwalimu, ukaja kuiwasha asubuhi?"

"Hapo haina neno."

Hilo la mwisho nililipigia mstari. Kompyuta ikizimwa kwa amri, waya ukabaki ukutani, ubao mama unaendelea kupata volti 5 za akiba kutoka kwenye pawasaplai. Umeme wa ukutani ukikatika, hata hizo hazipo. Kitu kinachoharibika katika hali ya pili na si ya kwanza hakiko kwenye Linux, kiko chini yake. Niliandika "betri ya BIOS?" pembeni, nikaacha alama ya kuuliza. BIOS ni programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta, na betri ndogo huitunzia mipangilio na saa umeme usipokuwepo. Dhana nzuri si ushahidi, na fundi anayekwenda na jibu mfukoni hujikuta anabadilisha vifaa vizima.

Nilipofika, umeme ulikuwa umekatika usiku uliotangulia, kwa hiyo niliikuta mashine katika hali yake ya ugonjwa. Niliiwasha bila F12. Maandishi meupe ya mwalimu ni haya:

```
PXE-E53: No boot filename received
Reboot and Select proper Boot device
```

Mstari wa kwanza una habari nyingi kuliko unavyoonekana. PXE ni njia ya kuwasha kompyuta kupitia mtandao. E53 maana yake kadi iliomba anwani, ruta ikaijibu, ila haikuipa jina la faili la kuwashia. Kumbe waya ni mzima, ruta ni nzima, kadi ya kwenye ubao nayo ni nzima. Kama tatizo lingekuwa waya, ingekuja E61. Mstari wa pili unasema BIOS ilipotoka mtandaoni ilikwenda kwenye diski ya TB 1, ambayo haina GRUB (programu inayouanzisha mfumo) wala haikukusudiwa kuwa nayo, ikakwama hapo.

Kwa hiyo mpangilio wa BIOS umerudi ulivyotoka kiwandani: mtandao kwanza, kisha diski yoyote iliyo mbele. Kwenye daftari la maabara, ukurasa wa siku seva ilipofungwa, imeandikwa wazi kwamba SSD iliwekwa ya kwanza na PXE ikazimwa. Naushukuru sana ukurasa ule.

Nikatumia F12 kama mwalimu. GRUB ikaja, kerneli (kiini cha Linux) ikaanza, kisha skrini ikasimama kwenye hali ya dharura na sentensi inayowakatisha tamaa wengi:

```
Cannot open access to console, the root account is locked.
```

Debian husakinishwa mara nyingi bila nenosiri la root (msimamizi mkuu wa mfumo), mtumiaji wa kawaida akipewa sudo, yaani ruhusa ya kutoa amri za msimamizi. Ni utaratibu mzuri mpaka siku mfumo unapoingia hali ya dharura, kwa sababu hali hiyo inamtaka root, na root amefungiwa. Ukibonyeza Enter unarudi pale pale.

Njia ya kuingia ni kupitia GRUB. Mashine ikiwaka na menyu ikitokea, bonyeza `e`, tafuta mstari unaoanza na `linux`, nenda mwisho wake, ongeza `init=/bin/bash`, kisha Ctrl na X. Kerneli itakupa ganda la bash moja kwa moja bila kuanzisha huduma yoyote. Mzizi wa mfumo unakuwa umefunguliwa kwa kusoma tu, kwa hiyo kabla ya kubadili chochote:

```
mount -o remount,rw /
```

Hii inamaanisha pia kwamba yeyote mwenye kibodi ya seva ana seva yote. Chumba kile kifungwe.

Saa za kazi zilikwisha hapo. Nilikuwa nimeshaingia ndani, na hilo lilitosha kwa siku ya kwanza.

Jumanne

Kwanza, kwa nini hali ya dharura. Nilisoma kumbukumbu za uwakaji uliofeli:

```
journalctl -D /var/log/journal --list-boots
journalctl -D /var/log/journal -b -1 -p err
```

Jibu lilikuwa la wazi. Ukaguzi wa diski ya maktaba ulikataa kujirekebisha wenyewe na kudai mkono wa mtu: `UNEXPECTED INCONSISTENCY, RUN fsck MANUALLY`. Umeme ulikuwa umekatika diski ikiwa inaandikwa. Ndani ya `/etc/fstab`, orodha ya diski za kufunguliwa mashine inapowaka, mstari wa maktaba haukuwa na `nofail`, na kwa systemd, programu inayoanzisha huduma zote za mfumo, mstari usio na neno hilo ni sharti: sehemu hiyo ya diski isipofunguka, `local-fs.target` (hatua ya kufungua diski) inaanguka, na mfumo mzima unasimamishwa kwenye dharura. Hakuna mtandao, hakuna SSH (njia ya kuingia kwenye seva kutoka kompyuta nyingine), hakuna chochote, kwa ajili ya diski ambayo mfumo wenyewe hauihitaji ili uwake.

Sikukimbilia fsck, amri ya kukagua na kurekebisha mafaili ya diski. Kurekebisha mafaili juu ya diski inayokufa kunaweza kuimalizia kabisa, kwa hiyo afya yake inaangaliwa kwanza:

```
lsblk -f
smartctl -a /dev/sdb
```

`Reallocated_Sector_Ct` sifuri, `Current_Pending_Sector` sifuri: hakuna sehemu mbovu iliyobadilishwa wala inayoshukiwa. Diski ni nzima. Kilichokuwa juu ni `Power-Off_Retract_Count`, hesabu ya mara ambazo vichwa vya diski vimelazimika kurudi kivulini ghafla kwa sababu umeme umetoweka. Ukitaka kujua historia ya umeme wa mahali, iulize diski.

Ndipo nikaandika `fsck -f /dev/sdb1`, nikasoma kila swali kabla ya kujibu. Kulikuwa na hesabu za nafasi zisizolingana na mafaili machache yasiyo na baba (hayamo kwenye folda yoyote), yakaingia `lost+found`. Mafaili ya ZIM yote yalikuwepo. Huwa hayabadilishwi yakishawekwa, kwa hiyo nililinganisha alama zao za SHA-256 (alama inayobadilika faili likibadilika hata kidogo) na zile tulizozihifadhi wakati wa kupakua. Zote zililingana, na nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika hapa, maana kuipakua upya Wikipedia ya Kiingereza kwa kifurushi cha simu si jambo la wiki moja.

Halafu ile alama ya kuuliza. Kerneli huandika saa iliyoikuta kwenye ubao mama pale inapoanza:

```
journalctl -k -b -1 | grep rtc_cmos
```

Ikatoka `setting system clock to 2012-01-01T00:00:…`, tarehe ambayo ubao huo huangukia usipokumbuka chochote. Mistari michache mbele, saa za kumbukumbu zinaruka hadi karibu na wakati seva ilipozimika mara ya mwisho. Mruko huo unaweza kumpoteza anayesoma haraka. Ni systemd-timesyncd: huhifadhi saa ya mwisho kwenye faili `/var/lib/systemd/timesync/clock`, na ikikuta saa ya ubao iko nyuma ya hapo, inaisogeza mbele. Ndiyo sababu hakuna aliyegundua kwamba saa imekufa. Ukiangalia `date` unaona mwaka sahihi na tarehe inayoaminika, ila usiku mzima wa giza haupo, seva inadhani iliamka dakika ileile iliyolala.

Nikafungua boksi, nikachomoa betri ya CR2032. Mpya husoma volti 3 na ushei. Ya kwetu ilisoma chini ya 2. Hapo nikafuta alama ya kuuliza.

Betri nyingine nilinunua kwa fundi saa mjini na kuipima kaunta kabla ya kulipa, kwani nyingine hukaa dukani miaka.

Baada ya kuiweka niliingia BIOS na kurudisha mpangilio: saa, SSD ya kwanza, PXE imezimwa, na ile sehemu inayoamua mashine ifanye nini umeme ukirudi. Kiwandani huwa ni kubaki imezima. Nimeiweka iwake. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlazimu mwalimu kubonyeza kitufe kila asubuhi, nayo ilipotea pamoja na mengine.

Jumatano

Seva inawaka bila kuguswa. Darasani bado hakuna maktaba.

Nilikaa kwenye kompyuta ya mwanafunzi kwanza, kwa kuwa mwenye njaa ndiye anayejua chakula hakijafika. Anwani yake ilianza na 169.254. Kompyuta hujipa anwani ya aina hiyo inapoomba anwani kwa DHCP (utaratibu wa kugawiwa anwani) na kukosa wa kuijibu. Waya una uhai, taa ya swichi inawaka, ila mgawaji wa anwani hayupo kazini. Nikarudi kwenye seva:

```
systemctl --failed
```

`networking.service` imeanguka, `dnsmasq.service`, ambayo ndiyo mgawaji wa anwani, imeanguka. Sababu ya kwanza: `Cannot find device "enp3s0"`. Sababu ya pili: `unknown interface enp3s0`. Nikaandika `ip -br link`, na kadi ya darasani ikawa pale, hai, inaitwa `enp4s0`.

Haikubadilishwa kadi, haikuhamishwa tundu. Jina limebadilikaje?

Tangu 2013, mifumo mingi inayotumia systemd huzipa kadi majina kulingana na mahali zilipochomekwa, ili kuondoa bahati nasibu ya majina ya zamani, eth0 na eth1. `enp3s0` maana yake basi la PCI (njia inayounganisha kadi na ubao mama) namba 3, tundu 0. Tatizo ni kwamba namba ya basi haikuchorwa kwenye ubao. Inagawiwa upya kila mashine inapowaka, kwa kuvihesabu vifaa vilivyopo. Nikaendesha `lspci`, amri ya kuorodhesha vifaa hivyo, na kwenye basi namba 3 alikuwa amekaa mgeni: kidhibiti cha USB 3.0 kilichojengwa kwenye ubao. Daftari la maabara linasema kilizimwa kwenye BIOS siku ya kwanza kwa kuwa hakikuhitajika. Betri ilipokufa, BIOS ikasahau kwamba kilizimwa, kikawashwa, kikachukua namba 3, na kadi ya darasani ikasukumwa kwenda 4. Kadi ya kwenye ubao ilibaki `eno1`, kwa vile namba yake inatolewa na BIOS yenyewe na haitegemei foleni ya mabasi.

Kwa hiyo betri ya chini ya volti 2 iliuondoa mtandao wa darasa zima kwa kupitia USB. Nimeliandika hili kwa urefu kwa sababu ningeweza kukizima kile kidhibiti, `enp3s0` ingerudi, na ningeondoka nikiwa nimemaliza kwa macho. Lakini siku mtu atakapochomeka kadi nyingine yoyote, tutarudi hapa. Kadi inatakiwa itambuliwe kwa kitu kisichotegemea majirani zake, nacho ni anwani ya MAC iliyoandikwa ndani yake. Faili `/etc/systemd/network/10-darasa.link` (MAC hii ni ya mfano):

```
[Match]
MACAddress=00:00:5e:00:53:01

[Link]
Name=darasa0
```

Na moja kama hilo kwa kadi ya nje, `nje0`. Jina lisizidi herufi 15, na lisiwe eth0 au eth1, kwa kuwa kerneli nayo hutumia hayo wakati wa kuanza na yanaweza kugongana.

Hatua inayosahaulika ni hii:

```
sudo update-initramfs -u
```

Udev inayozipa kadi majina huanza ndani ya initramfs, mfumo mdogo wa muda unaotangulia, kabla ya diski ya mfumo kufunguliwa. Mafaili mapya yasipoingizwa humo, unawasha upya, majina ya zamani yapo, na unaanza kutilia shaka kila kitu ulichoandika.

Kisha `/etc/network/interfaces`:

```
auto darasa0
iface darasa0 inet static
    address 192.168.50.1/24

allow-hotplug nje0
iface nje0 inet dhcp
```

Mambo mawili hapo ni ya makusudi. Namba 50 ni kwa sababu ruta nyingi za 4G hutumia 192.168.0 au 192.168.1, na pande mbili za seva zikiwa na mtandao wenye namba moja, seva haijui pakiti iende upande gani. Na `nje0` haikupewa `auto`, kwa sababu `auto` pamoja na DHCP huifanya seva isubiri ruta wakati wa kuwaka. Debian inairuhusu huduma hiyo kungoja hadi dakika 5. Ruta ikiwa imezimwa, watoto wangesubiri intaneti ambayo hawaihitaji ili kufungua maktaba iliyo chumba hicho hicho.

Nikabadili `interface=` ndani ya dnsmasq iwe `darasa0`, nikawasha upya. Kompyuta ya kwanza ikapata 192.168.50.x. Mwalimu akafungua ukurasa wa Kilimanjaro kwa Kiswahili, akasema "haya sasa", akaenda kuwaita wenzake.

Alhamisi

Siku ya kuziba mianya. Mstari wa maktaba kwenye fstab sasa unasomeka hivi, nikiwa nimeficha sehemu ya UUID (kitambulisho cha diski):

```
UUID=…  /srv/maktaba  ext4  ro,nofail,x-systemd.device-timeout=15s  0  2
```

`nofail` inahakikisha diski hiyo ikigoma, mfumo na mtandao vinasimama, nami naweza kuingia kwa SSH kutoka kompyuta yoyote ya darasa badala ya kupanda gari. Bila ule muda wa sekunde 15, systemd ingeisubiri diski isiyokuwepo kwa sekunde 90.

Neno lenye thamani kuliko yote kwenye mstari huo ni `ro`. Maktaba inasomwa tu. Hakuna mwanafunzi anayeandika kwenye mafaili ya ZIM, Kiwix nayo haiandiki. Kilichokuwa kikiandikwa kwenye diski hiyo ni kumbukumbu za huduma na nakala za muda, nimevihamishia kwenye SSD. Diski isiyoandikwa haina cha kukatizwa umeme unapotoweka, na ile fsck ya Jumanne haina sababu ya kurudi. Tukipata mafaili mapya, tutaifungua kwa `mount -o remount,rw /srv/maktaba`, tunakili, tuirudishe.

Kwa kuwa sasa seva inaweza kuwaka bila maktaba, huduma ya Kiwix imeongezewa `RequiresMountsFor=/srv/maktaba`, isije ikaanza na kuonyesha rafu tupu huku kila kitu kikionekana kijani.

Root amepewa nenosiri kwa `sudo passwd root`. Limeandikwa kwenye karatasi, limefungwa kwenye bahasha, liko ofisini kwa mkuu wa shule. Kuingia kwa root kupitia SSH kumezuiwa.

Ijumaa

Majaribio. Nilizima kwa swichi ya ukutani, si kwa amri, na mashine ikiwa inatumika. Niliiacha bila umeme kwa muda mrefu wa kutosha kuumaliza umeme wa akiba ndani ya pawasaplai, nikarudisha, nikasimama mbali na kitufe.

Ilijiwasha. SSD ya kwanza, hakuna PXE. `rtc_cmos` ilisoma tarehe ya leo na saa inayolingana na ya mkononi mwangu. `darasa0` ikapanda, dnsmasq ikafuata, maktaba ikafunguka. Nikarudia ruta ikiwa imezimwa, matokeo yale yale. Nikarudia waya wa diski ya maktaba ukiwa umechomolewa: seva ilisimama, SSH ikaingia, Kiwix ikakataa kuanza na kusema kwa nini. Nikarudia tena baada ya kuingia BIOS na kuirudisha yote kama ya kiwandani, kisha nikachagua SSD kwa F12: kidhibiti cha USB kikarudi, kadi ya darasa ikahamia basi la 4, na jina lake likabaki `darasa0`.

Mwalimu aliniuliza kama betri hii nayo itakufa. Itakufa, mwalimu, baada ya miaka kadhaa. Tumeweka tarehe ya leo kwa kalamu ya wino kwenye kifuniko cha boksi, na kwenye daftari kuna ukurasa mpya wenye mpangilio wote wa BIOS, anwani za MAC za kadi zote mbili, UUID za diski, na mstari unaosema: saa ya `rtc_cmos` ikirudi 2012, badilisha CR2032 kabla ya kugusa kitu kingine.

Yaliyobaki

UPS, betri ya kushikilia umeme unapokatika. SSD bado inaandikwa umeme unapokatika, na ext4 (mpangilio wa mafaili kwenye diski) ina shajara yake ya kuiokoa mara nyingi, lakini si mara zote. Hata UPS ndogo ya kuipa seva dakika za kujizima kwa amri ingetosha, ikiunganishwa kwa USB na programu ya NUT ili seva ijue betri inaelekea kuisha. Mkuu wa shule ameliweka ombi hilo kwenye bajeti ya muhula ujao.

Nakala ya pili ya maktaba kwenye diski ya nje, ikae kabatini bila kuchomekwa. Diski imeshapatikana. Kunakili kutaanza Jumatatu vipindi vikiisha.